Jani Lililokosea Nyumba

Mwaka huu, kahawa ikiwa ndiyo kwanza inaanza kuiva, mtoto wa Bwana Ngowi alisimama kwenye lango langu, hapa kijijini Kilema, akiwa ameshika jani la isale kwa mikono miwili. Nilikuwa barazani nikisoma. Nilimtazama kwa muda bila kumkaribisha, nami si mtu wa kuwaacha wageni wamesimama. Ni mtu mzima, mvi zimeshaanza, anafanya kazi ya kutoa mizigo forodhani Holili, mpakani. Alikuwa amevaa shati la kazini na viatu vilivyokwisha kuvaa tope la njia yetu. Kwa msomaji asiyetoka mlimani, nieleze mara moja. Isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Aliyekukosea akikuletea jani lake, au akimtuma mtu akuletee, umeombwa msamaha kwa namna ambayo wazee wetu hawakuruhusu ikataliwe. Ukilipokea, jambo limekwisha. Hulitaji tena kilabuni, hulitaji kanisani, hulitaji hata ukiwa kitandani unakufa. Ukilikataa, majirani watakuamkia kama kawaida, lakini hawatakaa karibu nawe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mzee anaendeleaje?"

"Chakula hakipiti tena, mwalimu. Anakunywa uji tu, kwa kijiko. Amenituma."

"Amekutuma useme nini?"

"Hakusema niseme kitu. Amesema nikupe hili, utaelewa." Akasita. "Amesikia unaandika kitabu cha maisha yako."

"Amesikia kwa nani?"

"Imeandikwa kwenye kundi la simu la jumuiya."

Maisha yangu yote nimekataa kulipa uzito neno "nimesikia", na katika darasa langu mwanafunzi aliyelitumia aliandika sentensi yake upya. Lakini safari hii uvumi ulikuwa wa kweli. Naandika. Na sura niliyokuwa nimeifikia, ambayo nilikuwa nimeikwepa kwa majuma mengi nikisingizia macho, ni hii. Nilimwambia yule bwana arudi Jumamosi. Hakujua aliweke wapi lile jani. Akaondoka nalo, akiliinua juu kidogo lisiguse majani ya migomba, kama mtu anayebeba kitu cha moto.

Nilikuwa kijana niliyetoka kidato cha sita mwaka nilioajiriwa na kampuni ile. Ilikuwa kampuni kubwa, yenye mashamba ya kahawa tambarare na miteremkoni na kiwanda cha kukoboa pembezoni mwa mji wa Moshi, na mtu aliyeajiriwa nayo alitembea njiani kwa namna ya peke yake. Mimi niliwekwa ukarani katika chumba cha kuonjea. Kilikuwa chumba cheupe chenye madirisha ya kaskazini, meza ndefu, vikombe vilivyopangwa mistari, na chombo kirefu cha shaba cha kutemea. Mwonjaji mkuu hakuzungumza asubuhi. Alipita kikombe kwa kikombe, akivuta kahawa kwa kijiko kwa sauti iliyonichekesha siku za kwanza, akatema, akanitajia neno moja niandike. Siku moja nilimwambia kwamba watu wa mizani wanasema mzigo fulani umeingia ukungu. Alinitazama kana kwamba nimetemea kikombeni. "Wao wameonja?" akauliza. Nikasema hapana. "Basi usilete midomo ya watu katika chumba hiki." Neno hilo lilinijenga, na baadaye mwaka uleule lilinibomoa.

Nyuma ya chumba chetu kulikuwa na ukumbi wa wanawake wachambuaji, na nyuma yao chumba cha mashine, ambako sakafu ilitetemeka hata ukiwa umekaa. Miongoni mwa wachambuaji alikuwamo Yusta, mwanamke mwembamba mwenye vidole vyepesi kuliko vya wenzake wote, na katika chumba cha mashine alikuwamo mumewe, Felisi. Saa ya chakula walikutana kantini wakala kutoka bakuli moja, jambo ambalo wanaume wengine walilicheka. Chakula kilikuwa makande, kila siku makande, isipokuwa Ijumaa walipotupatia ndizi. Dada Yusta alikuwa akija na pilipili kichaa kwenye kikaratasi, na ukikaa karibu naye ulipata moja.

Mashine kubwa ya kukoboa iliendeshwa na mkanda mrefu wa ngozi, na mkanda huo ulifunikwa na kinga ya bati nene, iliyopakwa rangi ya njano, iliyofungwa kwa boliti nne. Msimu ukipamba moto mkanda ulikuwa unateleza. Kila ulipoteleza ilibidi mashine isimamishwe, boliti zifunguliwe, mkanda urudishwe, boliti zifungwe. Ndipo kinga ikatoweka. Bila kinga, mtu aliweza kuurudisha mkanda kwa ubao huku mashine ikizunguka. Siku nane hivi baadaye, mkono wa koti la Felisi ukashikwa. Nilikuwa chumba cha kuonjea. Niliyosikia kwa masikio yangu ni mashine kubadili sauti, kisha wanawake. Mkono wake wa kulia ulikatwa hospitalini juu kidogo ya kifundo.

Kesho yake ubaoni palikuwa na tangazo. Bwana Ngowi, meneja wa kiwanda, aliliandika mwenyewe kwa mwandiko wake ulioegemea kushoto, bila kusubiri mpiga chapa. Lilisema mfanyakazi ameumia kwa sababu ya ulevi, kwamba uongozi unasikitika, na kwamba atakayeingia kazini akinuka mbege atafukuzwa. Tulisimama mbele yake tukiwa na bakuli zetu. Halikuwa na neno hata moja juu ya kinga.

Mkutano wa wafanyakazi ulifanyika kantini adhuhuri ya siku ya tatu. Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Anselm, nyapara wa chumba cha mashine, mtu wa sala na wa maneno machache. Mimi nilikuwa katibu kwa sababu ya mwandiko wangu. Mtu wa makao makuu alitarajiwa juma lililofuata kuchunguza ajali, na swali lilikuwa moja tu: tumwambie nini. Ikiwa Felisi alikuwa amelewa, angefukuzwa bila chochote na jina hilo lingemfuata hadi kwenye kihamba chake, shamba lake la ukoo. Ikiwa kinga iliondolewa kwa amri, basi anayepaswa kuondoka ni meneja.

"Huyu tukimwachia atatukoboa na sisi," alisema Temu, dereva wa lori. "Tutatoka upande wa pili hatuna ganda."

Watu wakacheka. Mama mmoja wa uchambuzi akamgeukia. "Cheka tu, Temu. Mkono wako wewe unapumzika kwenye usukani."

"Mimi nasema tuzime mashine leo leo."

"Uzime, halafu kahawa ya watu ioze, halafu waseme na sisi tulikuwa tumelewa?"

"Lakini kila mtu anajua ni Ngowi aliyesema kinga itolewe," alisema kijana wa maguniani. "Nimesikia alimwambia..."

Hapo nikasimama. "Umesikia kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu gani? Wataje niwaandike."

"Ee karani! Wewe unataka kila neno lije na cheti cha ubatizo?"

Kicheko kilikuwa kikubwa, nami kikanikasirisha. Nilisema, kwa Kiswahili changu cha kidato cha sita, kwamba mtu wa makao makuu atatutenganisha kama chuya na mchele iwapo tutamletea maneno ya vijiweni. Kwamba ushahidi ni jicho. Kwamba napendekeza asiyeona asiseme. Waliinua mikono, wengi wao. Nikajiona mtu mkubwa. Niliandika azimio lile kwa herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika.

Dada Yusta alikuwa amekaa mwisho wa benchi, hakuwa amekula. Akasimama bila kuomba ruhusa. "Sawa. Asiyeona asiseme. Basi huyo aliyeandika ulevi alimnusa Felisi wapi? Asubuhi ile alikunywa chai yangu, kwenye kikombe changu, tukaja pamoja kwa miguu. Mimi nimeona. Sasa nawauliza nyinyi jambo moja tu. Lile bati la njano liko wapi?"

Mzee Anselm alikuwa akiitazama mikono yake. Na mimi nilijua jibu. Siku mbili kabla ya ajali nilikuwa nimepeleka orodha ya madaraja ya kahawa katika ofisi ya Bwana Ngowi, na nyuma ya mlango, limeegemezwa ukutani, palikuwa na bati la njano lenye matundu manne ya boliti. Nililiona kama ninavyoiona karatasi hii. Lakini sikumwona aliyelifungua, wala sikusikia amri, na dakika chache tu zilikuwa zimepita tangu nipitishe sheria yangu mwenyewe. Nikajiambia kwamba kuona bati si kuona tendo. Nikainama nikaandika: "Hakuna aliyeona." Wakati ule niliita jambo hilo uadilifu. Ulikuwa woga uliovaa tai.

Mkutano ulipokwisha, Mzee Anselm alinikuta bombani nikiosha bakuli. Alifungua maji mengi kuliko yaliyohitajika, yapige kelele. "Karani, Jumapili baada ya misa ya pili njoo kwangu. Njoo na karatasi." Akainyoosha mikono yake chini ya maji. "Zile boliti nilizifungua mimi. Ngowi amesimama hapo, ananiambia fanya haraka, Anselm, fanya haraka. Nilimwambia ni hatari. Sasa naandika, hata nikifukuzwa naandika."

Jumapili ile ninaikumbuka kwa kila chombo kilichokuwa mezani. Kitambaa cheupe kilichodariziwa maua, sahani ya kiburu cha ndizi na maharage, kibuyu cha maziwa ya mgando, picha ya Moyo Mtakatifu, na kengele ya ng'ombe ikilia kidogo upande wa zizi. Mzee alikula kwanza, akanawa, akasema niandike. Nikaandika: "Mimi, Anselm, nyapara wa chumba cha mashine, natamka mbele ya Mungu kwamba". Kalamu ilikuwa ikisubiri neno linalofuata pale Bwana Ngowi alipopiga hodi.

Alikuwa peke yake. Alikuwa amevua kofia, ameshika isale kwa mikono miwili. Hakunitazama. Alisimama kizingitini akasema, "Meku," yaani mzee, "nimekosa." Basi. Hakusema amekosa nini, wala amemkosea nani. Kijana wa umri wangu hakuwa na ruhusa ya kufungua mdomo katika jambo la isale, lakini swali lilikuwa limenijaa kifuani: umemkosea nani? Felisi alikuwa bado wodini, maili nyingi kutoka pale, akijifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto. Mzee Anselm alitazama lile jani kwa muda mrefu. Niliona jasho kwenye paji la uso wake, na leo naamini, ingawa siwezi kuthibitisha, kwamba sehemu yake ilikuwa furaha. Maana boliti zilikuwa zake pia, na jani lile lilifunika mikono miwili, wa aliyeamuru na wa aliyetii. Akanyoosha mkono akalipokea. Kisha akageuka akaniambia kwa sauti ya chini, "Kunja karatasi, mwanangu. Imekwisha." Bwana Ngowi alikaa, akapewa mbege, akanywa. Alipokuwa akiaga alinipa mkono, na akatabasamu. Miaka yangu yote iliyofuata nimeishi na tabasamu lile kama mtu aishivyo na risasi ambayo daktari ameshindwa kuitoa.

Mtu wa makao makuu alikuja Jumanne. Alikaa kantini, palepale tulipokula makande, na kinga ya njano ilikuwa imerudi mahali pake, imepakwa rangi upya, bado ikinuka. Aliuliza nani aliona kinga ikiwa imeondolewa. Alimwuliza Mzee Anselm kwa jina. Mzee akasema, "Kwangu mimi jambo hilo limekwisha." Mgeni hakuelewa, alikuwa mtu wa pwani, aliandika kwamba nyapara hana malalamiko. Wengine walitazama daftari langu, na daftari langu lilisema hakuna aliyeona. Bwana Ngowi aliomba lisomwe. Nililisoma kwa sauti yangu mwenyewe. Felisi alifukuzwa kwa ulevi akiwa bado hospitalini, na Dada Yusta alifuata kabla ya Krismasi kwa kosa la utovu wa nidhamu, yaani kuuliza tena. Mimi niliacha kazi mwezi uleule nikaenda chuo cha ualimu. Niliondoka na ile karatasi iliyokatikia kwenye neno "kwamba".

Wapo watakaosoma haya wakitaka nieleze jinsi nilivyosamehe kadiri nilivyozeeka. Sikusamehe. Bwana Ngowi alistaafu kwa heshima, akajenga, akapewa benchi la mbele kanisani. Kila wakati wa kutakiana amani alinigeukia na mkono, na kila mara mkono wake ulirudi mtupu. Niliwaona vijana wakimwiga Felisi njiani, wakiyumba, mkono mmoja wameuficha ndani ya shati, wakimwita Bia-Moja, yeye ambaye nilimwona kwenye harusi tatu akinywa maji. Alilima kihamba chake kwa mkono mmoja hadi alipokufa, na kwenye mazishi yake, nyuma yangu kabisa, mtu alisema kwa sauti ya huruma kwamba pombe ni mbaya. Jioni ile nilipiga magoti nikamwombea Bwana Ngowi maisha marefu. Sikumwombea kwa wema. Nilitaka aishi mpaka siku atakayohitaji kitu kutoka kwangu.

Siku hiyo ilikuja imebeba jani. Na nililitazama jani lile kwa utulivu wa mtu aliyelisubiri. Bwana Ngowi hakulituma kwa mjane wa Felisi, anayeishi vihamba vitatu tu chini yangu. Alilituma kwa mtu anayeandika, kama zamani alivyolipeleka kwa mtu aliyetaka kusema. Jani lake halikutafuta msamaha. Lilitafuta kimya.

Jumamosi mwanawe aliporudi nilimpa kiti na chai, kisha nikamweleza yote, nilichokiona na ambacho sikukiona, kila kimoja mahali pake. Alipouliza kwa sauti ndogo baba yake afanye nini, nilimwambia: "Aandike. Kwa mkono wake, si wako. Aandike kwamba kinga iliondolewa kwa amri yake, na kwamba Felisi hakuwa amelewa. Kisha tutazungumza juu ya jani."

"Mwalimu, hawezi hata kushika kikombe."

"Felisi alijifunza kwa mkono wa kushoto."

Nilijua ni neno la ukatili. Nililisema polepole ili lisipotee.

Ilichukua siku tisa. Karatasi ililetwa ndani ya bahasha ya hospitali. Herufi zilikuwa zimeanguka hovyo, baadhi zimeacha mstari kabisa, lakini zote ziliegemea kushoto, na ningeutambua mwandiko ule hata gizani. "Kinga ya mkanda niliamuru mimi itolewe. Felisi hakulewa. Niliandika uongo ubaoni." Na jina lake. Mwanawe alisimama mbele yangu, isale mkononi, jani bichi safari hii, macho mekundu. Nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni. Kisha nikamwambia, "Jani rudi nalo. Mwambie sijalipokea." Aliniangalia kama mtu aliyepigwa. Aliniamkia tena kwa kuniaga, akaenda. Nami nilikaa barazani nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuihisi tangu nizaliwe, na siioni aibu.

Nilishuka mara moja kwa Dada Yusta. Nilimkuta jikoni akimenya ndizi za mtori, vidole vilevile, ingawa sasa vimepinda. Macho yake hayasomi tena, kwa hiyo nilimsomea. Kisu kilisimama.

"Soma tena, mwalimu."

Nikasoma tena.

"Pale pa Felisi."

"Felisi hakulewa."

"Tena."

Nilisoma mara nne. Kisha akaendelea kumenya, akamaliza ndizi ile, akaitia majini. "Jumapili utaisoma kwenye matangazo, baada ya misa. Usiisome haraka."

"Nitaisoma, dada."

"Na yeye alikuja na nini? Mchaga haji na karatasi tupu."

Nikamwambia, kwa fahari, jinsi mwanawe alivyosimama na isale mara mbili, na jinsi nilivyolikataa na kumrudisha nalo njiani, watu wote wakiona. Nilitarajia acheke. Nilitarajia, nakiri, anishukuru. Alikiweka kisu chini.

"Ulilikataa wewe?"

"Nililikataa."

"Kwani mkono ulikatwa wako?"

Nikaikunja tena karatasi ya Ngowi.

"Anselm alipokea lisilokuwa lake," alisema, bila kupaza sauti. "Sasa na wewe umekataa lisilokuwa lako. Wanaume mnapeana jani la Felisi kama kiko cha tumbaku. Miaka yote hii nimekaa jikoni hapa nikisubiri mtu wa Ngowi asimame pale mlangoni, nimtazame, nimwambie hapana. Mimi. Kwa mdomo wangu. Na wewe umeenda ukanilia hiyo hapana barazani kwako, peke yako."

Moshi wa kuni ulikuwa ukiniingia machoni. Nilitazama mlango aliouonyesha. Ulikuwa mtupu, na nje yake kuku walikuwa wakichakura maganda. Nikakumbuka daftari langu, na herufi zile nzuri, na mwanamke mwishoni mwa benchi ambaye siku ile pia nilimfungia mdomo wake kwa sheria yangu.

"Simu unayo?" akauliza.

"Ninayo."

"Mpigie."

Nilipiga nikiwa nimesimama palepale kizingitini. Iliita mara nyingi. Nyuma ya sauti yake nilisikia malori ya mpakani.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, kwa woga.

"Marahaba. Mzee bado yupo?"

"Yupo."

"Lile jani umelitupa?"

"Hapana, mwalimu. Nimelitia kwenye maji."

Dada Yusta alikuwa ameshachukua kisu, anamenya ndizi nyingine, kichwa kimeinama, anasikiliza.

"Basi lilete," nikamwambia. "Lakini usije kwangu. Nitakuelekeza nyumba."